Ngeli ya Ki

Maegesho ya Igogo, saa kumi na moja alfajiri.
Malori tisa yanasubiri minofu ya sangara.
Samaki wanapewa barafu, madereva chai.
Mimi ni utingo: kazi yangu kabari, turubai, na kunyamaza.

Mafuru anasema Skania.
Anaitaja kama mtu anayetaja ukoo wake siku ya posa.
"Mlima Sekenke inapanda taratibu,
kama mzee anayekwenda kudai deni."
"Deni la dizeli!" Nkwabi, chapati mdomoni.
"Howo yangu ikifia Shelui, spea naipata Shelui.
Yako utaingoja mpaka uote mvi."

Majura hashindani.
Benzi lake la mwaka themanini na nne
limeandikwa kifuani BI HARUSI WA MISUNGWI,
na kila asubuhi analipangusa uso kwa kitambaa chake mwenyewe.
"Ameamka vizuri," anatuambia. "Jana alikohoa kidogo pale Mabuki."

Ameamka. Alikohoa.
Nilisikia, sikujali.

Wakahamia kwenye kidude cha ramani.
Mafuru ana dada ndani ya kioo,
sauti ya mtu ambaye hajawahi kula vumbi:
*baada ya mita mia mbili, pinda kushoto.*
Wiki iliyopita alipinda kushoto, Mabatini,
tani ishirini na nane ndani ya kichochoro,
jabali huku, jabali huku,
na juu yake mama anaanika kanga
akamuuliza kwa upole kama ndiyo anahamia.
"Dada alikosea," Mafuru anamtetea. "Naye ni binadamu."

"Kipofu tu hicho!" Nkwabi akapiga meza, vikombe vikaruka.
"Na yule kiwete wenu aliyekifunga, mwiteni aje akifungue!"

Alikuwapo.
Chini ya dashibodi ya lori la pili,
bisibisi mkononi, magongo yameegemea tairi.
Nyamizi akamaliza kwanza skrubu yake.

"Nkwabi, shule ulifika la ngapi?
Basi ngeli unazijua.
M ni ya watu: mtu, mkeo, mpiga debe,
hata mwizi wa dizeli ana m yake.
Ki ni kiti, kijiko, kifuniko cha rejeta.
Sasa lori la Majura linaamka, linakohoa.
Kioo cha Mafuru ni dada, kikikosea ni binadamu.
Na mimi niliyefunga vioo vyote vya hapa
mmeniweka kati ya kiti na kijiko."

"Mbona kiongozi ni ki?" Nkwabi hakubali upesi. "Mbona kijana?"

"Ukitaka kutukana kioo, humtaji kiongozi."

Korongo mmoja juu ya uzio akabadilisha mguu.
Barafu ilikuwa inamwagwa, ikanguruma, ikanyamaza.

"Haya. Niseme mtu... mwenye... ulemavu."
Aliyasema kama anayerudi nyuma kwa kioo kimoja cha pembeni.
"Ni refu mno, Nyamizi."

"Trela lako lina mita ngapi?
Mbona kona unalipitisha?
Na nikiwa kazini sema fundi.
Au sema jina. Lina silabi tatu, halizibi njia."

Akavuta magongo, akaja hadi kwa Mafuru.
Ramani, akasema, ni ya zamani, haijui ngazi za Mabatini.
Elfu kumi na tano. Leo, si ukirudi.

Majura alikuwa amesimama na kitambaa chake,
mkono mmoja juu ya taa ya Bi Harusi.
"Ame..." akaanza. "Lime..."
akamtazama fundi kama mtoto aliyeshikwa na sukari.

"Mwache aamke," Nyamizi akacheka.
"Sikusema mumnyang'anye yeye."

Tuliondoka jua likigusa mawe ya Capri Point.
Karibu na Usagara Nkwabi akapiga simu, kelele za injini nyuma yake:
"Mwambie yule ki... yule..."
Mtandao ukakatika.
Sijui alimalizia nini.
Nilibaki na simu sikioni hadi tulipofika kwenye mizani.