Punje

Miaka kumi na minne, vidole vyangu ndivyo vinavyolipwa.
Mezani pale kiwandani, Moshi, buni inapita
na mimi siitazami sana, naigusa:
iliyotobolewa na mdudu, huku,
iliyovunjika, kule,
ganda tupu, sakafuni.
Msimamizi wetu, Bwana Kirita, husema nina macho kwenye kucha.

Basi sikuhitaji kuambiwa.
Jumanne, maji ya ndoo yana baridi ya Julai,
povu la sabuni, titi la kushoto, karibu na kwapa.
Punje ikanikimbia, ikarudi,
ikateleza kama kiini cha tunda bivu la mbuni ukiliminya.
Nikatafuta upande wa kuitupa.
Mezani pana huku na kule. Mwilini hapana.

Daktari Ndewirwa akaandika: uvimbe, kushoto, saa mbili.
Nikashika chini, penye nane,
kwani saa mbili yetu mshale hukaa pale.
Tukacheka wote wawili.
Sikucheka tena kwa siku kumi na moja.
Walikuwa wamechukua chembe, wakaipeleka kupimwa,
na mimi nikawa natupa buni nzima, nabakiza mbovu.
Bwana Kirita aliona. Alinyamaza.

"Si saratani," daktari akasema,
akairudia,
maana anajua ya kwanza huwa haisikiki.
"Ukitaka tunauacha, tunauangalia.
Ukitaka tunautoa kwa sindano. Hatupasui."

Shangazi Ndeanasia akashuka kutoka Kibosho
na kitenge cha kanisani na chupa ya mtori.
Yeye walimpasua mwaka wa sabini na nane.
Wake nao haukuwa saratani. Ulikuwa jambo dogo,
kisu ndicho kilichokuwa kikubwa.
"Walinifungua kama gunia," huwa anasema, basi.
Kovu lake linashuka toka kwapani
kama mfongo unaopeleka maji migombani.
Utotoni tuliliona akioga
na hatukuuliza maji yake yanakwenda wapi.

Ganzi iliuma, siafu mmoja mwenye hasira.
Kisha titi likawa la mtu mwingine
na kilichobaki kilikuwa sauti: mashine
inavuta pumzi, inakata, inavuta.
Kwenye kioo, katika ukungu wa kijivu, ile punje, nyeusi,
na sindano ikaja chini yake
kama mkono unaopitishwa chini ya mtoto aliyelala.
Ikaanza kuliwa. Robo.
Nusu.
Mpaka ukungu ukajifunga.

Nikasema nataka kuiona.
Sista Foibe akaniinamishia kibakuli:
nyuzi nyeupe, fupi fupi, kama machicha.
Mlikuwa hamna punje. Mimi nilikuja kuaga punje.
Maisha yangu yote natupa kitu kizima.
Akanikandamiza kwa kiganja dakika kumi,
akiniuliza, ili nisiwaze, mwaka huu kahawa ni shilingi ngapi.

Siku ya tano shangazi akashuka tena, nyumbani kwangu, Pasua.
Akafunga mlango. "Nionyeshe."
Nikabandua plasta.
Akavaa miwani, akaivua, akaifuta, akaivaa.
Kitundu, ndugu zangu, kama kile cha mdudu kwenye buni,
kile kile ninacholipwa kukikataa.

"Ni hapa tu?"
"Ni hapa tu, shangazi."
"Na walikitoa chote?"
"Chote."

Hakusema Mungu mkubwa. Hakusema bahati yako.
Mkono wake ukaingia ndani ya gauni, polepole, hadi kwapani,
ukakaa huko kama wa mtu anayehakiki
kama fedha zake bado zipo.
Nje mtu alikuwa anafua, tukasikia maji yakimwagwa.

Kisha akautoa mkono,
akauliza chumvi naiweka wapi,
kwa sababu mtori, alisema, leo ameupika bila chumvi,
alikuwa anawaza.