Sura ya Mikate, Nyangao

Alhamisi jumuiya ilikuwa kwa Otilia Nakopi.
Umeme ulikatika; akasoma kwa kurunzi ya simu,
kidole kikifuata mstari kama cha mtu achambuaye mchele,
na uani mbaazi zikitokota ndani ya tui,
zikisoma naye kwa sauti yao.

Miaka arobaini nimeisikia sura hii
kanisani, saa nne asubuhi, chai na mihogo tumboni.
Mikate mitano ilikuwa hesabu.
Samaki wawili walikuwa picha ukutani.

Lakini wale wa mwanzo, niliwaza,
hawakuwa na mabenchi.
Walikuwa na chumba cha mtu, mkeka, taa ya mafuta,
harufu ya vitunguu ikilitangulia neno.
Msomaji akisema akautwaa, mkate upo, una joto.
Akisema akaumega, wanasikia ganda likivunjika.
Na mtumwa mwenye sinia, asiyejua herufi hata moja,
amesimama kizingitini akihesabu vichwa,
akihesabu vipande,
maana kazi yake ni hiyo, na kinachopungua ni chake,
akasikia: wakala wote.
Wote?
Nadhani sinia lilitikisika.

Hapo ndipo Wilibaldi Mnunduma alipopiga hodi,
ametoka kupalilia mikorosho ya watu,
vumbi mpaka kwenye kope, jembe akaliegemeza nje.
"Mmefika wapi?"
"Wamekula, wamemaliza," mtoto akamjibu.
Tukacheka. Naye akacheka, kidogo,
akaketi karibu na viatu.
"Vilibaki vikapu vingapi vile?"
"Kumi na viwili."
"Basi ni vyetu tuliochelewa shambani."

Hakuna aliyesema amina.
Otilia alikifunga kitabu, kidole kingali ndani,
halafu akakitoa kidole, akapakua.

Ng'onda alikuwa mmoja, vipande saba,
na sisi tulikuwa tisa.
Nakiri: tangu pale kwenye akashukuru
nilikwisha kukichagua changu, kile kinene cha mgongoni,
na mkono wangu ulikuwa njiani
nilipoyaona macho ya Otilia, hayakuwa kwangu,
yalikuwa mlangoni.

Wilibaldi alikuwa bado ananawa.
Maji yalitoka mekundu.
Mtoto akainamisha birika tena.
Yakatoka mekundu.
Ugali unapoa, mvuke unapungua.
Tukangoja.