Sululu wa Mwezi wa Saba

Zamu ya usiku, kituo cha mafuta, Lihula.
Baridi imezing'ata pampu hadi zinalia zikiguswa.
Mteja wa mwisho alinunua soseji moja na betri,
akauliza njia ya Haapsalu, akasahau chenji.
Sasa ni mimi, jokofu linalokoroma,
na karatasi ya risiti, nyembamba, isiyopenda kalamu.
Nachora ndege ambaye hayupo.

Aliyenichokoza ni Joosep, mtoto wa dada yangu.
Alinivika visikizi, akanikabidhi vitufe,
akaniachia sayari nzima yenye miezi tisa.
"Mama mdogo, piga chochote kinachoruka."
Sikupiga. Nilisimama nikiwakodolea
viumbe wa rangi ya petroli, mabawa sita kila mmoja,
na mahali pa kuyakunja hawana.
Huyu akitua, nikauliza, atalalaje?
Anakula nini? Mavi yake yako wapi?
Joosep alicheka mpaka kiti kikamzungusha.
"Ni mchezo tu."
Mchezo, sawa. Hata mchezo una mifupa.

Mimi nimekulia ukingoni mwa matete ya Matsalu.
Baba alikata matete ya kuezekea,
kazi yangu kushika kamba na kunyamaza,
na anyamazaye mle ndani huonyeshwa:
ndege anayenyoosha mdomo mbinguni,
akayumba na upepo ili aonekane tete;
mwingine apigaye ngoma kwa manyoya ya mkia
akiporomoka kutoka juu, gizani.
Nani angeyabuni haya?
Nani angelipwa kuyabuni?

Basi naanza na sululu.
Mdomo wake ni sululu, sina haja ya neno jingine.
Namrefushia mara mbili,
maana ardhi ya mwezi wa saba ni ngumu
na minyoo yake hukaa chini ya chumvi.
Damu namtilia ya shaba, isigande.
Macho matatu? Nafuta.
Mawili yanamtosha mwenye hofu.
Miguu naazima kwa korongo, magoti yakipinda nyuma
(si magoti, ni vifundo, Baba angenikosoa).
Mabawa manne, ila mawili huyakunja kifuani
kama mtu aliyeficha viganja kwapani.
Nimejaribu mwenyewe, mbele ya kamera ya ulinzi,
viwiko ndani, viwiko nje,
shingo nimeivuta mabegani.
Kesho meneja ataona. Aone.

Saa tisa nikamlaza juu ya mashine ya kahawa, wino ukauke,
nikatoka kumhudumia dereva wa trela.
Nilisahau: karatasi hii huandikwa kwa joto.
Niliporudi weusi ulikuwa umeanzia mkiani,
umepanda mgongoni, umemeza mabawa yote manne,
ukabakiza mdomo na jicho moja.
Nilitukana. Kisha nikamsogeza kwenye taa.
Saa nzima nilimchora mwili,
usiku wake nikausahau.
Mashine ikaukumbuka.

Jumapili Joosep kamshika pembeni kwa kucha mbili.
"Ana nguvu gani?"
Anasikia njaa.
"Hiyo si nguvu."
Nikamenya viazi.
"Na akipigwa risasi?"
Sijui. Nadhani anakufa, kama wote.
Lakini humkuti. Mwezi wa saba huwa keshaondoka.
"Kuna nini mwezi wa saba?"
Hakuna kitu. Nyasi tamu, siku ndefu, hakuna anayemfukuza.
Majike hutangulia. Madume hubaki na vifaranga
siku chache, nao wakaondoka.
Hata hawa wa hapa, wa kweli, nyuma ya shamba la Taavet.

Hakujibu. Kwenye skrini
mtu wake alisimama peke yake juu ya mwezi, akipumua,
bunduki ikicheza kidogo mkononi
jinsi wanavyocheza wakisubiri kuambiwa.
Joosep akavuta risiti kutoka mfukoni mwangu,
akachora kinda: yai lenye miguu,
na mbele yake mdomo mrefu kama fimbo ya kuvulia.

Mfupi, nikamwambia. Hawazaliwi nao.

Akafuta.