Maji ya Kwanza

Mwingajini huota bila kupandwa,
Gadeni, katika gofu la nyumba isiyo na mrithi.
Mizizi imepenya chokaa. Ua la manjano,
harufu ya kukera; punda haugusi.
Nilichuma kilo mbili, nikajaza bahasha:
tarehe, mahali, jina la mchumaji.
Bi Twaifa, aliyenionyesha gofu,
hakuwa na kisanduku chake.

Maabara nayo ina adabu zake.
Majani yakakaushwa kivulini, yakasagwa,
yakalowekwa kwa methanoli siku tatu.
Kisha nguzo ya silika, ndefu kama mkono wangu,
tone,
tone,
chupa sabini na mbili,
nami nimeketi kama mtu anayevuta uradi.

Ya kumi na tisa iling'aa chini ya taa ya zambarau.
Nikaiita hivyohivyo, Kumi na Tisa,
kama mtoto ambaye hajafanyiwa akika.
Kwenye sahani ya agari nilikuwa nimeotesha
usaha wa kidonda cha punda wa Matondoni;
bakteria wametanda kama utando wa uji.
Nikatia kidoti. Asubuhi: duara tupu.
Milimita kumi na nane za ukimya.
Nilicheka peke yangu hadi mlinzi akaja kuchungulia.

Wiki ya pili tukaijaribu kwenye seli za figo, seli nzima,
zisizo na kosa.
Duara tupu tena.
Kumi na Tisa haikujua adui wala jamaa.

Nikashuka Mokowe, nikavuka, grafu ndani ya mkoba.
Bi Twaifa alikuwa ameinama, anaosha mgongo wa punda
uliochunwa na shogi za mawe.
Karatasi hakuitazama.
"Mai ya kwanda mliyamwaya?"

Maji gani?

"Ukitokosa mara moya, yakawa mekundu kama strungi,
hayo humwagwa, mbali na kisima. Hayo ni ya jini.
Ya pili ndiyo ya mgonjwa."

Miezi kumi na minne, ruzuku mbili,
mashine iliyokuja kwa ndege:
tulimnasa jini, tukampa namba.

Akajifuta mikono kwenye leso, akanipeleka nyuma ya jiko,
penye pembe anapomwaga miaka yote.
Sisimizi walikuwa wakipita na punje zao za sukari,
wakifika pale wanakata kona.
Mchanga mtupu, duara, upana wa sinia.

Nikachutama.
Nikatoa rula.