Spika ya Nyuma Kushoto

Babu Bogumił alinunua spika tano na besi moja
kwa jirani wa Łódź aliyekuwa anahama,
akazipandisha ghorofa ya nne mojamoja,
akipumzika kila kona ya ngazi
kama mtu anayehamisha mizinga yenye nyuki.

Mimi niliitiwa kompyuta.
"Wewe, Jagna, unayajua hayo," alisema,
"mimi nazijua nyaya."

Na kweli alizijua.
Alichuna plastiki kwa meno, akaisokota shaba
kwa kidole gumba na cha shahada,
kama alivyoziunga nyuzi za pamba zilizokatika
miaka thelathini na mmoja
katika kiwanda cha matofali mekundu,
mitambo mia mbili ikigonga kwa pamoja
na wanawake wakisemezana kwa midomo tu.
Nyekundu kwa nyekundu, nyeusi kwa nyeusi,
chini ya zulia, nyuma ya hita,
mpaka sebule yote ikawa imefumwa.

Kebo ya HDMI ikaingia nyuma ya amplifaya,
tundu la tatu, aliloliandika KOMPYUTA
kwa kalamu, juu ya plasta ya kidonda.
Taa ya buluu. Kimya.
Kisha sauti, ila mbele tu,
imejibanza kando ya runinga
kama mgeni asiyejua kama amekaribishwa.

"Kompyuta haijui," nikamwambia.
"Inadhani tuna spika mbili. Lazima iambiwe."
"Si uiambie?"

Nikafungua mipangilio, nikaihesabia nyumba yetu.
Nikabonyeza jaribio.

Mbele kushoto. Akafikiri kidogo, akaitikia kwa kichwa.
Katikati. Akaitikia.
Mbele kulia. Akaitikia upesi.
Nyuma kulia. Akageuka akicheka,
kana kwamba mtu amemgusa bega.
Nyuma kushoto.

Akasubiri.

"Hiyo imekufa," akasema.

Akabadilisha waya. Imekufa.
Akaileta ya kulia, akaiweka kushoto:
nzima ikafia pale,
maiti ikafufukia huku.
"Basi ni amplifaya," akasema,
na alikuwa tayari na bisibisi, amepiga magoti,
skrubu mbili ameziweka mdomoni,
na mimi bado sijasema,
kwa sababu kila mara nilikuwa naisikia,
tsss, bila kosa, kutoka pembe ile yenye mmea wa marehemu bibi,
kama chumvi ikimiminwa juu ya karatasi.

"Babu. Inalia.
Imelia tangu mwanzo."

Akazitema skrubu kiganjani, akazihesabu.
Hakubisha. Alifanya wafanyavyo mafundi:
akakishika kiti chake kile kizito,
akakizungusha kikaitazama kabati la vyombo,
akaketi, mikono magotini.
"Tena."

Na iliyokuwa imekufa ikasema.
Na zile za kulia, moja baada ya nyingine, zikanyamaza.

Watu husema sikio la kufa halisikii dawa.
Hawasemi nani aliliua.

Nikamwambia spika ile inaweza kuongezwa,
desibeli sita, hata kumi, ni kubonyeza tu.
"Usiiguse," akasema. "Haina kosa."
Akaenda kuchemsha chai, akakaa jikoni muda mrefu
kuliko chai inavyotaka.

Usiku tukaweka filamu, ya mwaka gani sijui,
stesheni, theluji, mwanamke mwenye sanduku.
Nusu ya kwanza aliitazama.
Nusu ya pili akaipa kisogo,
akawa anatazama sahani za kauri kabatini
huku runinga ikimulika upara wake.

"Kuna mtu anatembea huku," akasema ghafla,
akiionyesha spika ya pembeni kwa kikombe.
"Ana buti. Anachechemea."

"Ndiyo, babu."

"Alikuwepo tangu mwanzo?"

"Tangu mwanzo."

Akanywa chai. Akafikiri.
"Basi irudishe mwanzo."