Wino Usiokaa

Katriji aliiomba kwa wahasibu, ghorofa ya pili,
ile iliyokwisha kuchapa ankara za gesi na barua za madeni.
Akaikata kifuniko kwa msumeno mdogo,
akaisuuza kwa spiriti mara saba,
na mara ya saba maji bado yalitoka na kivuli cheusi.

Hapa Łódź mama yake alifuma miaka thelathini na mmoja,
akastaafu kiziwi,
kelele za vitanda vya mfumi zimemjaa kichwani
hata mezani ukimwomba chumvi alikupa mkate.

Bożena hafumi. Anachapa.
Seli za panya, laki tano katika kijiko cha maji ya chumvi.
Joto huwaka nyuma ya tundu, upesi kuliko kope,
povu likavimba, likasukuma tone, likafa.
Profesa Drabik alimwonya: Utazichemsha zote.
Hazikuchemka. Tisa katika kumi ziliamka
zikaishika jeli ya mwani
kwa vidole visivyo vidole.

Wengine hujaribia duara.
Yeye, usiku wa Jumanne, theluji ikilowanisha dirisha,
wenzake wamekwenda kuwahi tramu ya mwisho,
aliandika HALINA.
Herufi sita, kila moja punje ya mchele.
Akaziweka kwenye nyuzi thelathini na saba,
joto la kwapa,
akafunga mlango taratibu kama wa chumba cha mgonjwa.

Jumatano, chini ya hadubini, jina lilisomeka.
Alhamisi miguu ya H ilikuwa imekutana,
L imeiegemea I, N haijulikani inaanzia wapi.
Ijumaa ulibaki utando,
mzima, laini, wenye afya,
usio na herufi hata moja.

Kwetu husemwa wino wa Mungu haufutiki.
Huu hujifuta kwa kukua.

Drabik aliinama kwenye lenzi, akanyamaza kitambo.
Zimeungana, alisema. Zimeungana kweli!
Ulichapa umbo gani?

Mraba, alijibu Bożena,
na sauti yake ilipanda juu mno,
sauti ya mtu aliyelelewa na kiziwi.

Kisha akaenda kwenye sinki kuisuuza katriji,
mara ya nane.
Kivuli kilikuwemo bado. Kidogo.