Friza ya Sidi

Mimi si wakili. Nasema mapema,
maana kiti changu cha plastiki kinatazama mlango wa mahakama ya Malindi
na watu huchanganya.
Napiga chapa. Ukurasa shilingi hamsini,
kiapo mia, machozi bure.

Jumatatu akaja Sidi Mwaringa kutoka Maweni,
karatasi kaifunga pembeni mwa leso
kama mtu aliyefunga nge.
"Nisomee," akasema, "lakini polepole.
Moyo wangu hauna breki."

Dalali ameandika mali:
kochi la watu watatu, mguu mbovu;
cherehani ya kukanyaga;
kuku, idadi haijulikani;
friza moja, nyeupe.
Siku saba, kisha lori.

Sidi akacheka, kicheko cha kukohoa.
"Friza hiyo ndiyo deni lenyewe!
Niliikopa kwa Badhawi, duka la kona,
Dama wangu akiwa tumboni.
Niliuza barafu miezi miwili, ikafa.
Sasa kuku wanatagia."

Na Dama?
"Dama kamaliza kidato cha nne."

Nikaondoa vidole kwenye mashine.

Elfu thelathini na nane zililala,
zikanenepa usingizini: laki mbili na kumi na moja, na senti juu.
Badhawi alishakufa. Wanawe wakauza duka,
makabati, mizani, daftari la madeni,
na Sidi akauzwa humo humo
kama dumuzi ndani ya gunia.
Mnunuzi yuko Nairobi, ghorofa ya sita.
Harufu ya ile friza haijui.

Kijana wake wa simu hupiga kabla jogoo hajawika:
"Tuma mia tano tu, mama, ya kuonyesha nia njema,
halafu utie sahihi, tutaelewana."
Nikamwambia Sidi, mkono huo ufunge.
Usitume hata bei ya chumvi, usibonyeze hata dole gumba,
mpaka faili tuione kwa macho.
Mia tano yaweza kuwa jembe la kufukulia kaburi.

Masjala, Kitsao akapotea nusu saa,
akarudi na vumbi kwenye nyusi.
Mchwa walishatangulia kusoma.
Walikula jina la hakimu, wakala gharama,
wakala tarehe: mwezi wa sita, siku ya tatu, mwaka elfu mbili na
shimo.
Shimo la punje ya mtama.
Na lori zima lilikuwa limeegeshwa humo.

Nikageuza karatasi. Nyuma yake muhuri umevuja,
wino wa zambarau, tarakimu zimepinduka.
Nikaisoma kama mtu anayejitazama kijikoni.
Nikahesabu kwa vidole, vikaisha,
nikaazima sita vya Kitsao.

Kumi na sita. Na sheria huipa hukumu miaka kumi na miwili,
ikipita, hukumu hiyo haina meno.
Na hata ingekuwa ya jana,
cherehani ya fundi haibebwi. Ndiyo mkono wake.

Nikapiga kiapo, kurasa tatu.
K ya mashine yangu huruka;
"kukamata" ikatoka "u amata",
nikajaza kwa kalamu.
Akanilipa mayai.

Hakimu alilisimamisha lori kwa maneno machache,
dalali akiangalia viatu vyake.
Nilitaraji vigelegele. Sidi alikaa kwenye ngazi,
akafungua leso, hamna kitu, akaifunga tena.
"Mama yangu alisema dawa ya deni kulipa.
Hii dawa ya kusubiri, sijui inanywewa vipi."

Ulikopa kwa nani, Sidi? Kwa ghorofa ya sita?
"Kwa Badhawi."
Badhawi ana mjane, yuko Shela, macho yamepungua.

Hakunijibu. Alikung'uta vumbi, akaenda zake.
Ijumaa nikamwona akipita upande wa soko la zamani,
bakuli mikononi, limefunikwa kawa,
akitembea taratibu, taratibu mno,
kama mtu aliyebeba kitu kinachovunjika.